Udongo wa Salehe

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakuna aliyeitika akiitwa kando ya maji. Ukiwa umeinama kujaza ndoo ukasikia jina lako, ulitakiwa unyamaze, uinue kichwa, utazame kwanza ni nani anaita. Ukimwona mtu, sawa. Usipomwona, unajitwisha ndoo yako hata kama haijajaa, unaondoka bila kugeuka. Wakubwa walisema maji yana mwenyewe, na mwenyewe huyo hana sauti ya kwake. Huazima sauti za wale waliokwisha kwenda kwake. Ukiitika, umempa ruhusa.

Leo mimi ni mtu mzima, fundi cherehani mwenye kibanda changu Soni, na watoto wangu hunicheka nikiwaeleza mambo haya. Siwalaumu. Wao wamekulia kwenye bomba. Ukifungua bomba, unasikia maji tu.

Maji yetu sisi yalikuwa ya ndiva. Kwa asiyepajua kwetu, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee walilichimba mlimani na kulizungushia ukuta wa mawe na udongo. Kijito kinaingia kwa upande wa juu. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji mpaka kwenye matuta ya kabichi, karoti na maharage. Ndiva ya kijiji chetu ilikuwa chini ya mikuyu, mahali penye kivuli hata mchana. Miezi ya baridi ukungu uliteremka kutoka pande za Shume ukakaa juu yake muda mrefu, na mtu aliyesimama ng'ambo ulimsikia akikohoa bila kumwona.

Mdogo wangu Salehe alikuwa na miaka minne. Jina langu, Mwanaidi, lilimshinda kutamka, aliniita Naidi. Mtu mwingine akijaribu kuniita hivyo, Salehe alikasirika mpaka machozi, kwamba jina hilo ni lake peke yake. Kwa hiyo katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyeniita Naidi.

Alikufa asubuhi ya kawaida kabisa. Masika yalikuwa yamekwisha, ndiva imejaa hadi ukingoni. Baba alikuwa amepeleka kabichi sokoni Soni, mimi nilikuwa shuleni, na mama alikuwa aking'oa karoti kwenye tuta lililo kando ya ndiva. Salehe alikuwa akiachia majani ya kabichi yaelee kwenye mfereji unaoingiza maji. Mama alimsikia akicheka. Aling'oa karoti nyingine, akamsikia tena. Kisha akawa hamsikii. Alipopanda ukutani, jani la kabichi lilikuwa katikati ya ndiva, limetulia, na maji yamenyamaza kama hayajafanya lolote.

Msibani hakuna aliyemlaumu mama. Nafikiri angepata nafuu kama wangemlaumu, angekuwa na mtu wa kugombana naye. Walimlaumu mwenye maji, na mwenye maji huwezi kumfuata mlangoni kwake.

Baada ya mazishi mama alimwaga maji yote yaliyokuwa ndani ya nyumba: ya mtungini, ya kwenye madumu, hata yale ya birika la kutawadhia. Tangu siku hiyo akawa anashuka mtoni bondeni, safari ndefu ya kushuka na kupanda. Alikuwa mwenyeji wa Mnazi, kule chini kwenye joto, aliyeletwa milimani na ndoa, na miteremko yetu haikuwahi kumzoea wala yeye kuizoea. Alikonda. Akikutana njiani na mwanamke aliyejitwisha maji ya ndiva, alijitenga pembeni mpaka apite, kama mtu anayepisha jeneza.

Wengine wakaanza kumfuata mtoni, kwanza kwa kumhurumia, baadaye kwa woga. Mwanamke mmoja alisema amesikia mtoto akicheka chini ya mikuyu. Kijana aliyekuwa na zamu ya kufungua kizibo aliiacha zamu yake bila kueleza sababu. Ndiva isiyo na watu hufa upesi. Tope likapanda, magugu yakafunga mfereji wa juu, na maji yaliyobaki yakawa mekundu na mazito. Mwaka uliofuata kabichi za kijiji chetu zilikuwa ndogo kiasi kwamba madalali wa Soni walizigeuza mkononi wakazirudisha chini. Nyumbani kwetu baba alianza kusema kwa sauti ya chini kwamba labda tuhamie Mnazi kwa wajomba.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Vijana walitaka ndiva ifukiwe, ichimbwe nyingine juu zaidi. Hapo ndipo aliposimama Bibi Mboni.

Bibi Mboni alikuwa mfinyanzi wa mwisho kijijini kwetu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyeendelea kufinyanga vyungu wakati kila nyumba imeshahamia kwenye sufuria. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini mikono ile ndiyo iliyonipokea mimi nilipozaliwa, na ndiyo iliyompokea Salehe.

"Mtachimba nyingine," alisema, "na mwenye maji mtamwambia abaki huku?"

Watu wakacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha kwanza kukisikia kwa muda mrefu watu wakizungumzia ndiva.

"Tope mnaloliogopa mimi nalijua," akaendelea. "Ni udongo mzuri kuliko ninaouchimba mimi kule bondeni. Tulitoe. Kila atakayelitoa afinyange kitu kimoja: kile ambacho maji yale yamempa, au kile yalichomnyang'anya. Tuvipange ukutani vikauke. Masika yakija, maji yachukue yaliyo yake. Kwao mama yangu walifanya hivyo, mwaka ambao watu walikosana na maji."

Ustadhi wa madrasa yetu alikuwa amekaa mbele. Alikuwa mtu mpole, lakini jambo hilo halikumkalia vizuri.

"Bibi, hayo unayoyasema ni masanamu."

"Ni tope, Ustadhi. Lilikuwa tope na litarudi kuwa tope."

"Yasikae."

"Hayatakaa. Mvua ya masika ikichanganya, utapita pale usione hata pua."

Ustadhi alifikiri, akashika ndevu zake. "Basi. Lakini likibaki hata moja, nitakuja kulivunja mimi mwenyewe."

Kazi ilianza wakati wa jua kali. Mwanzoni walikuja wachache, waliokuwa wakimheshimu Bibi Mboni kuliko walivyomwogopa mwenye maji. Kizibo kikafunguliwa, maji mekundu yakaisha, na watu wakashuka ndani wamekunja nguo mpaka magotini. Sisi watoto tulipewa kazi ya kukanyaga. Tope lile lilikuwa baridi hata juani, likipita katikati ya vidole vya miguu kwa sauti ambayo ilitufanya tucheke, kisha tukumbuke tulipo, tunyamaze.

Halafu kukawa na jambo ambalo sidhani hata Bibi Mboni alilitarajia. Watu waliokuwa hawazungumzi habari za maji yale wakaanza kuzungumza. Mwanamke mmoja alifinyanga beseni, akasema ndilo aliloogeshea watoto wake wote. Mzee mmoja alifinyanga kaa, kwa sababu alipokuwa mdogo aliishi kwa kaa wa kijito kile mama yake alipougua. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alifinyanga kabichi. Ilitoka vibaya, ikafanana na kichwa cha mtu asiye na uso, na watu walimtania siku nzima. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilifinyanga kikombe. Kila aliyemaliza alipanda ukutani, akaweka chake, akatazama cha jirani, akauliza, akaelezwa. Wale waliokuwa wamebaki nyumbani walisikia, wakaja kuona, na waliokuja kuona walipewa majembe.

Mama alikuja siku ya mwisho. Nilimwona akisimama kwenye kijia, khanga imefunika kichwa, kikapu mkononi kana kwamba alikuwa akipita tu.

"Karibu, Mama Mwanaidi," Bibi Mboni alimwambia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alivua kandambili. Akashuka ndani ya ndiva iliyokauka, akaenda moja kwa moja mpaka pale katikati, pale kwenye kina, akachota udongo kwa mikono miwili. Alikaa chini ya mkuyu akawapa watu mgongo. Hakuwa amewahi kufinyanga kitu chochote. Alikuwa msusi wa mikeka. Hakuomba kuonyeshwa.

Alipogeuka, alikuwa na mtoto mapajani. Mtoto ameketi, amekumbatia magoti, kichwa amekilaza upande mmoja. Salehe alikuwa akikaa hivyo kila asubuhi kando ya mafiga akisubiri uji upoe. Uso wake mama hakuuchora sana, lakini kichwa kile kilivyolala, na yale mabega, hakuna mtu pale ambaye hakumtambua. Baba aliinuka akaenda kusimama nyuma ya mti.

"Mweke hapa, katikati ya wenzake," alisema Bibi Mboni.

Mama alitikisa kichwa. "Akauke nyumbani kwanza. Nitamrudisha."

Alimbeba mgongoni kwa khanga. Mtu asiyejua angedhani ni mtoto kweli.

Alikaa naye jikoni siku kadhaa, mlango umefungwa, na mimi nikapelekwa kulala kwa shangazi. Kisha akamrudisha kama alivyoahidi, akamweka ukutani kati ya kabichi ya baba na kikombe changu. Mtoto alikuwa amebadilika rangi, amekuwa mwekundu wa kuiva, na mgongoni alikuwa na doa jeusi. Watu walidhani ni jua.

Wiki zile kabla ya mvua ninazikumbuka kama sikukuu. Ndiva ilijaa maji mapya, safi, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu chake ukutani, kila mmoja alitafuta sababu ya kupita. Waliona ufa upande wa chini wakauziba siku hiyo hiyo. Walimkemea kijana aliyekwenda kuoshea pikipiki kwenye mfereji wa juu. Jioni maji yalitulia, yakabeba vivuli vya kaa, beseni, ng'ombe, kabichi na mtoto, ukawa kama unaona kijiji kingine chini. Mimi nilikuwa nikikaa karibu na Salehe wa udongo, namsimulia ya shuleni.

Kisha masika yakaja.

Kwanza vitu vilipoteza ncha: pembe za ng'ombe, miguu ya kaa. Halafu vikalegea, vikainama, vikaanza kuteremka ukutani kama vimechoka. Kabichi ya baba ilifunguka ikawa bonge. Kikombe changu kiliondoka asubuhi moja, nikakuta alama nyekundu tu inayoelekea majini. Bibi Mboni alipita kila siku chini ya mwavuli wake, akitazama na kuitikia kwa kichwa, kama mtu anayesindikiza wageni.

Mvua iliendelea mpaka ukuta ukawa mtupu. Mtoto akabaki.

Hakupoteza hata kidole. Alikuwa ameketi peke yake juu ya ukuta uliolowa, amekumbatia magoti, maji yakimtiririka kichwani na mabegani, akiangalia ndiva. Ukungu ukija ulimfunika, ukiondoka alikuwa palepale. Watu walipunguza tena kupita. Nikawa nasikia maneno yakikatishwa nikiingia mahali. Mwenye maji amemkataa. Au: mtoto amekataa kwenda peke yake. La pili ndilo lililosemwa kwa sauti ndogo zaidi, na wakilisema walinitazama mimi.

Nilitumwa majani ya sungura alasiri moja, mvua imepumzika, ukungu umetanda. Nilikuwa upande wa juu wa ndiva, nimeinama na mundu wangu mdogo.

"Naidi!"

Nimejaribu miaka yote hii kuisikia tena sauti ile kichwani ili niipime. Haikuwa kubwa. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa na haraka kidogo, kama ya mtoto aliyepata kitu anataka kukuonyesha. Na kabla sijakumbuka lolote nililofundishwa, mdomo wangu ulikuwa umeshajibu.

"Abee!"

Tone moja likaanguka kutoka kwenye mkuyu likapiga maji. Niliacha mundu na majani, nikakimbia.

Jioni ile homa ikaanza. Zahanati walinipima malaria hawakuona kitu, wakanipa vidonge vya kutuliza. Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Sikumweleza mtu. Nilikuwa na hakika kuwa nikilitamka lile jambo ndipo litakapokuwa kweli.

Nililetewa uji, dua, na majani ya kufukizwa. Na wanawake waliokuja kunitazama walikuwa wakitoka nje na kuzungumza na baba. Mwishowe akaja Ustadhi mwenyewe, amelowa.

"Baba Mwanaidi," nilimsikia akisema barazani, "nilisema nitavunja litakalobaki. Nimekaa na neno hilo siku nyingi kwa sababu ya mama yake. Lakini watu hawalali."

"Asiguswe," baba alisema.

"Ndugu yangu..."

"Nimesema asiguswe, Ustadhi. Nilirudi kutoka sokoni nikamtoa majini kwa mikono hii. Sitakaa nitazame anavunjwa."

Sikuwahi kumsikia baba akimjibu hivyo mtu wa dini. Ndipo Bibi Mboni, ambaye alikuwa amefika nyuma ya Ustadhi, akasema twende wote tukamtazame mtoto, kisha tuzungumze. Mama alinifunga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa, miguu yangu ikining'inia, tukapanda kwenye manyunyu.

Pale ukutani Bibi Mboni alimwinamia mtoto kwa muda mrefu. Akamgonga begani kwa ukucha. Ikatoka sauti kavu, nyembamba, kama ya kikombe cha kauri.

Alinyoosha mgongo akamtazama mama.

"Huyu amechomwa," alisema taratibu.

Watu walikuwa wachache, lakini nilisikia pumzi zao. Nilikuwa na shavu mgongoni mwa mama na nilihisi mwili wake ukikakamaa.

"Nilimchoma mimi," mama alisema. "Jikoni. Nilimfunika majivu na kuni na kinyesi cha ng'ombe, kama nilivyowahi kukuona wewe ukifanya kwa vyungu." Akanipandisha vizuri mgongoni. "Mlisema maji yachukue yaliyo yake. Yalishamchukua. Ningemtoa tena? Kwa mikono yangu? Mara ya pili?"

Ustadhi alikuwa ameinamisha kichwa, matone yakidondoka kwenye kofia yake. Alisema, si kwa ukali, "Mama Mwanaidi, hakuna anayekulaumu," kisha akarudi nyuma hatua kidogo, na nikajua kwamba hatavunja kitu.

Kwa watu wazima nadhani jambo lilikuwa limekwisha. Sanamu iliyochomwa haiyeyuki; hakuna muujiza, hakuna mwenye maji, ni mama na huzuni yake. Niliona mabega yao yakishuka. Baba alishusha pumzi. Lakini mimi nilikuwa nimeitwa, na moto wa jikoni haukuwa na jibu la hilo. Nikamnong'oneza mama sikioni.

"Mama, ananiita."

Aligeuza kichwa. "Nani?"

"Salehe. Aliniita Naidi. Nikaitika."

Nilingoja anikemee, au aseme ni homa. Mvua ilikuwa ikimpiga mama usoni.

"Na mimi huniita," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana, nadhani niliyeisikia ni mimi tu. "Kila asubuhi."

Akanifungua mgongoni, akanikabidhi kwa baba. Akampakata mtoto wa udongo, akamfuta maji usoni kwa ncha ya khanga. Kisha akamuuliza Bibi Mboni, "Aliyechomwa hurudije kuwa udongo?"

"Harudi," alisema Bibi Mboni. "Lakini akisagwa, unga wake huchanganywa na udongo mbichi. Sisi hufanya hivyo kwa vigae vya zamani. Chungu chenye unga wa chungu kingine ndani yake hakipasuki ovyo."

Mama alimsaga kwa jiwe letu la kusagia, uani kwetu, mvua ilipopisha. Hakukubali kusaidiwa. Alianza na miguu. Kichwa alikiacha mwisho, na alipokifikia alitulia sana, tukadhani ameshindwa. Baba akanyoosha mkono, mama akausogeza pembeni bila kumtazama. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni nikitazama vumbi jekundu likijaa ungo. Halikuwa jingi. Nilishangaa kwamba halikuwa jingi.

Tuliupeleka ule unga ndivani. Kulikuwa na rundo la tope lililobaki kutoka kwenye usafi, limefunikwa majani ya migomba. Mama aliunyunyiza kama anayetia chumvi, na wote waliokuwapo wakaingia wakakanyaga, Ustadhi naye amekunja kanzu. Sehemu ya udongo ule ilikandikwa ukutani, pale palipokuwa na ufa. Sehemu nyingine watu walifinyanga tena, vitu vidogo vidogo, wakavipanga kwenye mvua moja kwa moja, vikateremka majini tungali tunavitazama. Mama aliinama akanawa mikono ndani ya ndiva. Kisha akachota maji kwa kiganja akanywa.

Homa yangu iliniacha wiki ile. Sisemi kwa sababu gani. Huenda vidonge vilikuwa vimeanza kufanya kazi. Sikuitwa tena.

Lakini kuna jambo ambalo Bibi Mboni aliniambia miaka ya baadaye, nilipokuwa msichana mkubwa nikimsaidia kubeba kuni, karibu na mwisho wa maisha yake. Alisema lilikuwa likimsumbua. Udongo mnene namna ile, usio na uwazi ndani, uliokaushwa siku chache tu, ukiuweka motoni hupasuka vipande vipande. Yeye mwenyewe hangethubutu. "Nimevunjikiwa na vyungu vingi kwa kosa dogo kuliko hilo," alisema. "Mama yako hakujua kitu, akamweka katikati ya moto wa jikoni, na mtoto akatoka mzima. Mimi sijui, Mwanaidi. Alikuwa hataki kuvunjika, au kuna aliyekuwa amemshika."

Siku hizi kila mwaka kabla ya masika kijiji kinatoa tope. Imekuwa desturi, vijana waliokwenda mjini hurudi, hupiga picha kwa simu, walimu huleta wanafunzi. Wanafinyanga mabomba, pikipiki, mpira, simu. Vyote huyeyuka, hurudi chini, mwaka unaofuata huchotwa tena, kwa hiyo hakuna kitu kinachofinyangwa pale ambacho hakina chembe za mdogo wangu ndani yake. Vijana hawajui. Wanajua tu kwamba ndiva haijawahi kukauka tena, na kwamba mwanamke mzee wa kutoka Mnazi ndiye anayeshika kizibo na hakubali mtu atupe hata ganda la ndizi kwenye mfereji.

Wakati mwingine watu huniuliza kama ninaamini maji yana mwenyewe. Zamani nilijaribu kujibu. Sasa nawaambia kwamba woga ulitufukuza kwenye maji yale, ukatunyima kabichi na ungetunyima kijiji, na kilichoturudisha ni kuingiza mikono kwenye tope lake. Hilo nina hakika nalo. Lakini kuna swali jingine ambalo nimeishi nalo peke yangu tangu siku ile ya jiwe la kusagia.

Mwaka huu nilimuuliza. Tulikuwa ndani ya ndiva, mama na mimi, tunakanyaga tukiwa tumeshikana mikono kwa sababu magoti yake yamechoka. Watu walikuwa mbali kidogo.

"Mama," nilisema, "kama nisingeumwa, ungemsaga?"

Hakuacha kukanyaga. Alitazama miguu yetu, yake na yangu, nyekundu mpaka kwenye magoti.

"Nisingemsaga," alisema.

Nilichota maji kidogo nikayamimina kwenye udongo, maana ulikuwa umeanza kuwa mgumu, tukaendelea kukanyaga.